Orodha Iliyokosa Ukurasa wa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umefunguliwa na mvua. Darasa la kidato cha tatu linavuja palepale, juu ya dawati la nyuma, na wenye dawati hilo wamefurahi kweli maana wameruhusiwa kuja kubanana mbele na marafiki zao.

Barua ya wizara imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa walimu, nusu imefunikwa na ratiba ya zamu. Kamati ya mitaala inapendekeza Sura ya Saba ya kitabu cha historia iondolewe "kwa ajili ya kuimarisha umoja." Wananchi wanakaribishwa kutoa maoni tarehe 9 Aprili. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama na chaki mkononi.

Sura ya Saba ni mgomo wa karakana ya reli. Miaka hamsini na minne iliyopita mashine ilimkata fundi mmoja mkono, wenzake wakaweka vifaa chini, na askari wetu wenyewe, siyo wa mkoloni, wakawapiga risasi getini. Kurasa kumi na moja tu. Nusu yake imetokana na makala niliyoandika mimi miaka kumi na tisa iliyopita, nilipokuwa bado nasoma bila miwani. Hasira nilizonazo leo hazina pa kukaa.

Mkuu wa shule kanikuta pale ubaoni. "Mwalimu, tuwe watulivu." Walimu tunamwita Breki, na leo amestahili.

Jumatano, 5 Machi

Chama chetu cha wanahistoria kimekutana maktaba. Tulikuwa kumi na wanne na feni isiyozunguka. Mmoja akasema wanahistoria siyo wanasiasa, kazi yetu ni kuandika, mambo ya kwenda kupiga kelele kwenye vikao tuwaachie wengine. Nikamwambia wakishamaliza kufuta hutakuwa na cha kuandika, utabaki kuandika barua za mwaliko wa harusi. Watu wakacheka, naye pia, kisha akapiga kura pamoja na sisi.

Mwenyekiti wetu, Profesa, ametoa wazo zuri. Tutaandika barua ya pamoja, tukusanye saini, na chini yake tuweke majina yote thelathini na manne ya waliouawa, kama nilivyoyaorodhesha kwenye makala yangu. "Sura mtu anaweza kuifuta," alisema. "Majina ya watu nani atathubutu?" Nami nimechaguliwa kusema mbele ya kamati. Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba mpaka mume wangu akauliza kama nitapita mlangoni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka kitambaa cha bluu kwa fundi cherehani wa nyuma ya posta, anishonee gauni la kuvaa siku ya kamati. Ananishonea mwaka wa nane sasa. Ni mwongo wa tarehe lakini mkweli wa mshono. Gauni tayari Alhamisi, amesema.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Saini mia moja na sita. Gauni kesho.

Ijumaa, 14 Machi

Gauni Jumatatu.

Breki kaniita ofisini. Kafunga mlango, kafungua, kafunga tena. Amesema amepigiwa simu na mtu ambaye hataki kumtaja, ameulizwa kama shule yake ina mwalimu anayezunguka mitaani na karatasi. "Nikasema nitaulizia," akasema. "Sasa nakuuliza. Unazunguka?"

"Nazunguka, Mkuu. Baada ya saa za kazi."

"Basi nitasema nimeuliza."

Nikatoka nikiwa na hamu ya kumtikisa. Mtu mzima na nywele zake nyeupe, anaogopa simu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Nimesahihisha madaftari arobaini. Gauni kesho.

Jumamosi, 22 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimekwenda kwa fundi kufuata gauni, ambalo ni wazi halikuwa tayari. Nikaona angalau nisitoke mikono mitupu, nikamwomba asaini ile barua. Akafuta mikono, akavaa miwani, akaanza kusoma. Fundi hasaini kitu asichokisoma, nami nikamheshimu kwa hilo. Nikakaa kwenye kigoda natazama mvua inavyopiga bati la jirani. Akafika kwenye majina, kidole kikateremka polepole, kikasimama namba ishirini na saba.

"Mwalimu, huyu ni baba yangu."

Mwili ukanisisimka. Miaka minane namvalia nguo zake, kumbe! Nikaanza kumpa pole, nikamwambia jina la baba yake sasa litasomwa mbele ya wakubwa, halitapotea tena. Naona aibu hata kuandika nilivyokuwa nakenua huku nampa pole.

"Lakini baba yangu hakufa siku ile," akasema.

Nikasema labda ni mtu mwingine wa jina hilohilo.

"Majina matatu yote? Na fundi wa boila? Mwalimu, baba alipigwa risasi ya bega, akalazwa, akatoka. Alifariki mimi nikiwa darasa la nne, kwa homa ya mapafu. Nilimshikia kikombe mwenyewe." Akavua miwani akaniangalia, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mimi nimezaliwa mwaka mmoja baada ya mgomo. Kama baba alikufa getini, mimi nimezaliwa na nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kigoda changu.

Hakusaini. Amesema akiweka saini hapo atakuwa amemzika baba yake mara mbili. Nikakunja karatasi nikaondoka, mwavuli nikausahau.

Jumapili, 23 Machi

Nimefungua sanduku la karatasi za zamani kutafuta daftari la utafiti wa makala ile. Limeliwa pembeni na mende lakini linasomeka. Majina ishirini na mawili ya kwanza niliyatoa kwenye daftari la chumba cha maiti. Hayo hayana shaka. Majina kumi na mawili yaliyobaki niliyatoa kwenye orodha ya hospitali, na chini nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri wa kujidai: "Orodha ya hospitali, ukurasa wa 2."

Ukurasa wa pili. Wa kwanza uko wapi? Sikuuliza! Niliona majina, niliona tarehe, nikaona namba kubwa inayoumiza, nikajumlisha. Kila Januari nasimama mbele ya kidato cha kwanza nawakaririsha: ukishika karatasi ya zamani, kabla hujasoma neno uliza hii ni karatasi gani, nani kaiandika, na ya nini. Wanaimba kama wimbo. Mimi mwenyewe sikuimba.

Sikula mchana. Mume wangu akasema hata maharage yanaweza kuwa na huruma, nile kidogo.

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda nyumba ya kumbukumbu baada ya vipindi. Imefungwa. Paa limevuja, majalada yanahamishwa. Mtunza kumbukumbu, ambaye tunamwita Mama Kimya kwa jinsi anavyotunyamazisha, alichungulia dirishani akanipungia mkono niende zangu.

Alhamisi, 27 Machi

Imefungwa. Mvua.

Nimempigia Profesa nikamweleza yote. Akauliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Mume wangu."

"Basi iishie hapo. Tukifika mbele ya kamati na kusema tumekosea idadi, watatuchinja. Sura itaondoka asubuhi ileile. Acha tarehe 9 ipite, tutarekebisha baadaye, taratibu, kwenye jarida letu."

"Na fundi je?"

"Fundi gani?"

Nikakata simu. Huyu ndiye aliyenifundisha mimi chuoni kwamba chanzo kimoja ni tetesi! Nimeosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Lakini niseme kweli, maana hapa hanisikii mtu: sehemu yangu moja ilifurahi. Kusubiri mpaka baadaye ni rahisi sana.

Jumanne, 1 Aprili

Nimegonga dirisha la Mama Kimya mpaka akafungua. Nikamwambia nina mikono miwili na saa tatu za bure, anipe majalada nibebe. Akaniangalia kuanzia viatu. "Wanahistoria mnajua kuomba majalada tu, hamjui kubeba," akasema, lakini akanipa glavu.

Nimebeba majalada, nimekwepa ndoo zilizowekwa kukinga matone ya paa. Tulipopumzika nikamweleza ninachotafuta. Akanisikiliza huku anakunja uso, kisha akauliza swali ambalo halikuwahi kunijia kwa miaka kumi na tisa: "Nyuma ya huo ukurasa wa pili kuna nini?"

Nikasema hakuna kitu.

"Basi nyuma ya ule wa kwanza kipo. Karatasi zilikuwa haba mwaka ule. Makarani wa hospitali walikuwa wakiandika pande zote mbili, na mwenye kupanga akitazama upande usio wenyewe, karatasi inakwenda jalada jingine." Akainuka akielekea kwenye rafu za stoo ya hospitali, anasoma migongo ya majalada. Magodoro. Mashuka. Mablanketi.

Ilikuwa kwenye mablanketi. Upande mmoja, mablanketi sitini yaliyopokelewa. Upande wa pili, kwa wino uleule ninaoujua: "Majeruhi wa karakana waliolazwa wodi ya pili, wanaume. Majina yako ukurasa wa pili." Ukurasa mzima maelezo ya wodi na daktari, halafu majina yangu kumi na mawili ndiyo yanafuata kwenye ule ukurasa wa pili.

Majeruhi. Watu hai kumi na wawili, mimi nikawaua kwa kalamu.

Nikalia pale kati ya ndoo. Mama Kimya hakuninyamazisha. Akanipa leso, akasema nisidondoshee karatasi machozi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua imepumzika nusu siku. Mume wangu yuko juu ya ngazi anarekebisha mfereji wa paa, mimi nashika ngazi. Nikamuuliza yeye angefanyaje. Amepima ardhi za watu miaka thelathini.

"Niliwahi kuweka jiwe la mpaka vibaya," akasema bila kugeuka. "Hatua tatu ndani ya shamba la mtu. Niligundua baada ya miaka miwili."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda kulihamisha mchana kweupe. Walinitukana matusi ambayo mpaka leo sijayasikia kwingine."

"Halafu?"

"Halafu kila wakigombana mpaka, wakawa wananiita mimi. Shika ngazi vizuri, mama, usije ukabaki mjane kwa sababu ya historia."

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwambia Profesa nitasema. Akasema nitaua sura nzima kwa sababu ya kutaka moyo wangu utulie. Huenda ni kweli. Nimekaa na maneno hayo siku nzima, yananichoma.

Jioni nikaenda kwa fundi kumwonyesha nakala ya ukurasa wa kwanza. Akausoma mara mbili. Nikamwambia nitakwenda kuyasema mbele ya kamati, na kwamba sura inaweza kufa kwa ajili hiyo. Akanirudishia nakala. Gauni Jumanne.

Jumanne, 8 Aprili

Kibanda cha fundi kimefungwa. Mlangoni kufuli na mnyororo, hakuna hata karatasi ya kusema amekwenda wapi. Nitavaa gauni la zamani la kahawia.

Nilikuwa nimepanga kuondoka shuleni kimyakimya kesho, niseme naumwa. Breki kanikuta uwanjani, kanipa bahasha yenye mhuri wa shule. Ruhusa ya maandishi: mwalimu aliyetajwa anakwenda kutoa maoni mbele ya kamati ya mitaala kwa idhini ya mkuu wa shule. Jina lake lote liko chini, na saini.

"Mkuu, na ile simu?"

"Wakipiga tena, nitawasomea barua," akasema. Nimemwita Breki miaka sita.

Jumatano, 9 Aprili

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alilazimika kurudia kila kitu mara mbili. Kulia kwake alikaa mjumbe mwenye tai ya kijani, ambaye ndiye aliyeleta pendekezo la kufuta. Profesa alikaa mstari wa mbele, hakuniangalia.

Nilipoitwa, nikasema: "Barua mliyonayo mezani ina majina thelathini na manne ya waliouawa. Idadi hiyo si sahihi. Waliouawa tunaowajua ni ishirini na wawili. Kumi na wawili walijeruhiwa. Kosa ni langu, nililifanya miaka kumi na tisa iliyopita, na kitabu cha shule kililichukua kwangu." Nikaeleza ukurasa wa pili, nikaeleza mablanketi. Ukumbi ukaanza kunong'ona.

Tai ya kijani akasimama karibu aangushe maji. "Mmesikia wenyewe! Mwalimu anakiri. Watoto wetu wamelishwa uongo miaka yote hii. Sasa tutajuaje kama hao ishirini na wawili nao hawakutungwa?"

Watu wakapiga makofi, si wachache. Nikamwona Profesa kainamisha kichwa. Nikajua nimeua sura.

"Tutajua kwa sababu karatasi zipo," nikasema. "Nimezileta nakala, daftari la chumba cha maiti na kurasa zote mbili za orodha ya hospitali. Zisomeni, mnikosoe tena kama nimekosea tena. Mimi nimeweza kusahihishwa kwa sababu sura hii ilichapishwa, watu wakaisoma. Mkishaifuta, nani atakuja kusema kuna kosa? Kosa la kwenye kitabu linasahihishika, bwana. La kimya halisahihishiki."

Akafungua mdomo, lakini kulikuwa na mtu anasukuma watu mlangoni, "nipisheni, nipisheni jamani," na mfuko wa nailoni kichwani kujikinga mvua. Alikuwa fundi.

Mwenyekiti akamuuliza yeye ni nani.

"Mimi ni mtoto wa namba ishirini na saba," akasema.

Akatoa kwapani ovaroli ya kazi ya baba yake, imepauka, akaiweka mezani mbele ya kamati. Jana alikuwa amekwenda kwa dada yake mkubwa kuichukua, safari ya siku nzima. Tai ya kijani akauliza hii ni nini sasa, maonyesho ya mitumba?

"Hiki ni kiraka," fundi akasema, akiweka kidole begani. "Kashona mama yangu. Chini yake kuna tundu." Akageuza nguo ndani nje. "Nashona tangu nina miaka kumi na sita. Tundu la panya nalijua, la pasi nalijua, la msumari nalijua. Hili limeingia mbele likatokea nyuma, na kingo zake zimeungua. Mwalimu alikosea kusema baba yangu alikufa. Hakukosea kusema walipigwa. Mkitaka kumfukuza kwenye kitabu eti kwa sababu alipona, niambieni mimi hapa."

Mwenyekiti akapitisha ovaroli kwa wajumbe mmoja mmoja. Ilipofika kwa tai ya kijani, aliishika kwa ncha za vidole, kisha akajikuta anaingiza kidole kwenye lile tundu, upande wa mbele, kikatokea nyuma. Akaiweka chini taratibu.

Halafu Profesa akasimama bila kuitwa. "Nami nimefundisha thelathini na wanne kwa miaka kumi na tisa," akasema. "Sikuwahi kwenda kuangalia. Tafadhali andikeni na kosa langu."

Alhamisi, 10 Aprili

Gazeti: MWALIMU AKIRI KUDANGANYA. Herufi kubwa, picha yangu nimefungua mdomo kama nakula. Mume wangu akasema angalau gauni la kahawia limetoka vizuri.

Breki kaingia ofisi ya walimu na gazeti lile, kalisoma lote kwa utulivu, kalikunja mara nne, kaliweka chini ya ndoo ya kukingia matone. Akatoka.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Gauni kesho. Nikamwambia fundi kamati imeshapita. Akasema kuna siku nyingine mbele.

Jumanne, 29 Aprili

Hakuna jibu. Watu watatu wameandika barua kwa chama wakisema nao wana ndugu kwenye wale kumi na wawili. Mmoja wa majeruhi hao yu hai, ana miaka themanini, na ameuliza kwa nini hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ijumaa, 16 Mei

Imebaki!

Barua imefika saa nne asubuhi. Kura sita kwa tatu. Sura ya Saba inabaki, imepunguzwa kutoka kurasa kumi na moja hadi nane, na hilo nitalipigania mwaka kesho. Waliouawa ishirini na wawili, majeruhi kumi na wawili, na aya mpya yenye kichwa "Tumejuaje?" yenye picha ya karatasi ya mablanketi, pande zote mbili. Tai ya kijani amepiga kura ya hapana, lakini wamesema ndiye aliyetaka hiyo aya. Nimekimbia uwanjani na viatu vyangu vyenye vumbi la chaki nikampigia simu Profesa. Tulilia wote wawili kama watoto, kisha akanikumbusha kwamba nilimkatia simu mwezi Machi.

Ijumaa, 23 Mei

Siku ya mwisho ya muhula. Jua, baada ya majuma kumi na mawili. Gauni la bluu limekamilika jana, bila kuahidiwa, nami nimelivaa.

Vitabu vipya havitafika hadi mwakani, kwa hiyo nimewaambia kidato cha tatu watoe vya zamani na penseli. Ukurasa wa tisini na mbili. Kateni thelathini na wanne, andikeni ishirini na wawili waliouawa, kumi na wawili waliojeruhiwa. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye sasa amerudi kwake maana hapavuji, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nani alikosea?"

"Mimi. Andikeni na hilo, pembeni, na tarehe."

Wakaniangalia kuona kama natania. Kisha wote wakainama, penseli zikaanza kukwaruza.

Fundi alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwa mwaliko wangu, ameshika kitabu cha kuazima. Kidole chake kilishuka kwenye orodha mpya niliyowagawia, kikapita waliouawa bila kusimama, kikafika kwa majeruhi, kikasimama. Akasoma jina la baba yake, midomo ikicheza bila sauti. Akaomba penseli, akaweka alama ndogo pembeni, nadhifu kama anazoweka kwenye kitambaa kabla ya kukata.

Akainua macho akanitafuta juu ya vichwa vya watoto.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Sasa nimezaliwa."